Nilivyopima majani ya mpera, na tundu nililoambiwa nisilitoboe

Kwetu Pemba tumbo likiendesha, bibi anachemsha majani ya mpera. Mimi nilitaka kujua mambo mawili: je, yanaua bakteria kweli, na je, hayamdhuru anayeyanywa? Nimeyapima yote mawili, na furaha niliyonayo sijui niieleze vipi.

Kukausha kivulini, kutwanga, kuroweka kwenye ethanoli (spiriti), kuchuja, hayo yanajulikana. Lililoniudhi ni ushauri. Mtu aliyenitangulia maabara aliniambia dawa hiyo niitie kwenye tundu la agari (ute mgumu wa kuoteshea bakteria) ikiwa bado ndani ya ethanoli, na nisitoboe tundu la ethanoli tupu kwa sababu "unapoteza agari bure". Nilikataa. Sahani ya agari yenye bakteria Staphylococcus aureus niliitoboa matundu manne: dawa yangu, siprofloksasini (antibiotiki ya kulinganishia), maji safi, na ethanoli peke yake. Asubuhi naangalia, ethanoli peke yake imefanya duara, yaani eneo tupu ambapo bakteria hawakuota! Kumbe sehemu ya lile duara kubwa la mpera tulilokuwa tukilishangilia ni la spiriti.

Nikaikausha ethanoli yote, masalio nikayayeyusha kwa DMSO kidogo (kimiminika kingine cha kuyeyushia), nikarudia. DMSO tupu haikufanya kitu. Mpera ukatoa duara lake, dogo kuliko la mwanzo, lakini hili ni lake mwenyewe. Bakteria mwingine niliyempima, Escherichia coli, hakutikisika. Bakteria wa kundi lake wana utando wa nje unaozuia dawa nyingi kupenya. Na usilinganishe miti miwili kwa upana wa duara, maana dawa nyingine ni kali ila haisambai vizuri kwenye agari. Tafuta kiwango cha chini kinachozuia bakteria kuota.

Kwa upande wa sumu nilitumia Artemia salina, vidudu vidogo vya jamii ya kamba. Mayai yake huuzwa kama chakula cha samaki wa mapambo, na kichupa kimoja kinafika mbali. Wenzetu wa bara hununua chumvi maalumu. Mimi nilichota maji ya bahari nikayachuja. Raha yenyewe ni kuvitenga. Chukua kopo la plastiki, weka kizuizi chenye vitundu katikati, mayai yatie upande mmoja uufunike kwa karatasi nyeusi, upande wa pili washa taa. Baada ya siku moja au mbili vinaanguliwa, vinapita vitunduni vyenyewe kufuata mwanga, na maganda yote yanabaki gizani. Kuna watu wanachambua maganda kwa pipeti mpaka macho yanawauma! Unatia 10 kila chupa yenye dawa, unasubiri saa 24, unahesabu waliokufa. Chupa yenye maji ya bahari na DMSO tu iwepo, na DMSO isizidi asilimia 1.

Kiwango kilichoua nusu yao kilipita mikrogramu 100 kwa mililita, yaani haikuonyesha sumu kali. Hicho ni kipimo cha mwanzo tu, hakimpi mtu ruhusa ya kunywa jagi zima. Tena bibi hatumii ethanoli, anachemsha kwa maji, kwa hiyo sasa napima ya maji. Hiyo usiilaze nje, inaota ukungu upesi. Iweke kwenye friza siku hiyohiyo.