Nilivyowafundisha vijana wa kipaimara habari za Mama Kevina

Nafundisha kipaimara huku Changamwe, Mombasa, huu mwaka wa sita, na kitu ambacho kimenisumbua miaka yote ni vile vijana wakisikia neno sista wanaona picha ya kalenda, mtu msafi amekunja mikono basi. Kwa hivyo Fada aliponiambia kabla ya Jumapili ya Miito niwaeleze shirika moja la masista lilivyoanza na lilivyokua, nikachagua Little Sisters of St Francis, shirika aliloanzisha Mama Kevina. Sista aliyenishika mkono kunifundisha kuandika darasa la kwanza alikuwa wa shirika hilo, na mpaka leo nikichukua chaki namkumbuka.

Jumamosi ya kwanza nilikuja na karatasi nne nimeziandika vizuri, nikasoma kutoka juu mpaka chini, miaka, majina, kila kitu. Vijana 34. Wa nyuma walikuwa na simu chini ya daftari, na msichana mmoja ambaye siku zote hunisikiliza alilala kabisa kichwa kwenye meza. Niliumia sana, maana hawa ni watu waliotoa maisha yao yote na mimi nimewasoma kama tangazo la ndoa.

Jumamosi ya pili stima ikapotea saa nne asubuhi, feni zikazima, na mnajua joto letu mwezi wa nne kabla mvua haijashika, ile holi ya mabati haikaliki. Nikawaambia bebeni viti twende chini ya mwembe. Karatasi zangu zikabaki ndani. Tumekaa tu maji moto, wale sisimizi wekundu wa mwembeni, wakaanza kuwashukia shingoni, watoto wanajipiga makofi wanacheka, na hapo ndipo ikanijia kwamba zahanati ya kwanza ya Mama Kevina kule Nsambya, Kampala, ilikuwa chini ya mwembe. Nikawaambia hivyo hivyo, nyinyi saa hizi mmekaa pale alipoanzia yeye. Kimya.

Basi sikuanza tena na Roma wala na askofu, nikaanza na Mombasa. Nikawaambia kuna msichana wa Ireland alizaliwa 1875 huko Wicklow, jina lake Teresa Kearney, baba alikufa kabla hajazaliwa, mama akafa yeye ana miaka 10, akalelewa na nyanya. Akaingia utawa kwa Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina Kevin, ndiye huyu Mama Kevina, na Desemba 1902 akapanda meli na wenzake, jumla sista sita, wakashukia hapa kwetu wakapanda treni. Hiyo reli yenyewe ilikuwa imefika Kisumu 1901 tu, siku hizo ikiitwa Port Florence, halafu ziwani kwa meli ndogo mpaka Uganda, wakafika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Kijana mmoja ambaye babake yuko bandarini akauliza, "Ticha, kwa hivyo walipita hapa hapa?" Nikamwambia hapa hapa, na joto ni hili hili, na wao na zile kanzu nzito. Tangu hapo sikuhitaji kumnyamazisha mtu.

Ya pili iliyowashika ni zile sanamu za maaskari pale Jomo Kenyatta Avenue. Wote wamezipita kwa matatu, hakuna aliyewahi kusoma maandishi. Nikawaeleza kwamba yanawataja pia wapagazi wa vita vya kwanza, wale waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, Waafrika waliobeba mizigo wakafa kwa maradhi wengi mno, na kwamba Mama Kevina na masista wake waliwauguza wapagazi hao pale Nsambya. Si mbali tena, si mambo ya Uganda, ni sanamu wanayoiona kila wiki.

Halafu ukunga. Mama yake Msichana Aliyelala (nitamwita hivyo) ni nesi wa wodi ya kujifungulia, kwa hivyo alikaa wima niliposema kwamba zamani sheria ya Kanisa haikuwaruhusu masista wenye nadhiri kufanya kazi ya kuzalisha, na Mama Kevina alikuwa akiona wanawake na watoto wanakufa. Alichofanya, akashirikiana na daktari mwanamke mlei, yaani asiye sista, Evelyn Connolly, na mwaka 1921 ikaanzishwa shule ya wauguzi na wakunga hapo Nsambya. Ruhusa yenyewe kwa masista ilitoka Roma 1936. Hesabuni wenyewe alingoja miaka mingapi, tena bila kuacha kazi wala kuacha Kanisa. Mimi hapo ndipo nampendea.

Sasa shirika lenyewe. Nikasema nataka wasichana wanane wasimame mbele. Wakasimama wanasukumana. Nikawaambia mwaka 1923 Little Sisters wote ulimwenguni walikuwa hawa, wasichana wanane wa Kiafrika, hawajazi hata matatu. Na ilikuwa wakati ambao binti kukaa bila kuolewa ni msiba wa ukoo mzima, ng'ombe wa mahari hawaji, wajukuu hawaji. Yule msichana akauliza kama wazazi wao walikubali. Nikamwambia hebu fikiria wewe uende ukaseme kwenu leo jioni. Akafikiria kweli, akasema, "Babangu hawezi, Ticha." Akabaki amesimama na wale wengine hata nilipowaambia wakae.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko hospitali zote, kuwapa wanawake wa Kiafrika shirika lao wenyewe. Leo wako Uganda, Kenya na Tanzania, wanafundisha, wanauguza. Hao wa kutoka ng'ambo nao wakawa shirika lao 1952, Franciscan Missionary Sisters for Africa, naye akawa mkuu wao wa kwanza. Alifariki Boston, Marekani, 1957, bado anatafutia misheni pesa katika uzee ule, na mwili ukarudishwa mpaka Nkokonjeru, Uganda, ukazikwa huko. Huko Uganda neno kevina likawa ndilo watu wanaloitia hospitali au nyumba ya msaada.

Stima ilirudi saa sita, hakuna aliyeinuka. Wakati wa kurudisha viti yule msichana akanifuata, hakuuliza habari za utawa, aliuliza nauli ya basi kutoka Mombasa mpaka Kampala ni ngapi na kutoka hapo Nkokonjeru ni mbali kiasi gani. Nikampa niliyoijua ya basi, akaiandika nyuma ya daftari, akapiga mstari chini yake mara mbili.