Gramu Moja Inayosemea Treni Nzima: Siku Yangu Dhanbad

Saa 11 alfajiri. Nikifungua dirisha, harufu ya kiberiti inanipokea. Dhanbad ipo jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India, na jirani yake ni Jharia, ambako moto umekuwa ukila makaa ya mawe chini ya ardhi tangu 1916. Mimi ni binti wa Mbinga, kusini mwa Tanzania. Nilikuja kusomea sayansi ya fueli, nikapata kazi kwenye maabara ya kupima makaa. Nyumbani bado wanaamini nachimba. Sijawahi kushika sururu.

Saa 1 asubuhi chai ya maziwa kibandani, bajaji, koti jeupe. Saa 2 tanuri linapashwa.

Treni moja ya makaa hubeba kama tani 4,000. Vijana wa sampuli wanachota kwenye mabehewa, mzigo unapondwa, unachanganywa, unagawanywa robo robo, unasagwa tena mpaka upite kwenye chekeche ya mikroni 212. Mimi napokea unga mweusi, laini kama wanja, napima gramu 1. Hiyo gramu ndiyo itakayosemea treni nzima, kwa hiyo mbele ya mizani hata pumzi naibana, maana pumzi tu inatosha kuyumbisha tarakimu ya mwisho.

Unyevu kwanza, kisha majivu kwa nyuzi 815. Wengi hudhani makaa yote ni mamoja. Haya ya India yanayochomwa kwenye mitambo ya umeme huwa na majivu asilimia 30 hadi 45. Zamani za Gondwana, lile bara kubwa la kale, mito ilisomba mimea pamoja na tope, vikazama pamoja, na tope likaingiliana na makaa kiasi kwamba hata ukiyaosha halitoki lote. Na makaa ya Ngaka, kwetu, yalizaliwa kwenye bara hilohilo kabla halijapasuka. Nikishika haya nashika ndugu wa yale.

Saa 5 akaingia mwakilishi wa muuzaji mmoja. Makaa hapa yana madaraja, G1 mpaka G17, kulingana na joto yanalotoa, na kila daraja lina bei yake. G10 inaanzia kilokalori 4,301 kwa kilo. Sampuli yake ilitoa 4,262. G11.

"Didi," akaanza. Ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, ingawa yeye ananizidi umri kwa mbali. "Thelathini na tisa tu. Ni nini hicho?"

Nikamwambia, "Bhaiya," yaani kaka, "ni daraja."

Akasema mashine yetu ni mbovu. Akasema mgeni hawezi kuyajua makaa ya Jharkhand. Akapiga simu mbili mbele yangu, kwa sauti. Nilinyamaza, nikatoa kidonge cha asidi benzoiki, kile ambacho joto lake linajulikana dunia nzima: kilokalori 6,318 hivi kwa kilo. Nikakipima huku anaangalia, nikafunga waya, nikafunga chombo cha chuma, nikajaza oksijeni mpaka mgandamizo wa angahewa 30, nikakizamisha kwenye maji. Nikabonyeza. Hakuna mlipuko wala moshi, ni kipimajoto tu kinachopanda pole pole huku sote wawili tumekikodolea macho. Ikasoma 6,322.

"Sasa rudia yangu," akasema.

Nikarudia. Ndipo umeme ukakatika. Jenereta ilichelewa kuwaka, na tanuri lililokuwa na sampuli 12 za watu wengine likapoa katikati ya safari. Zote nikazimwaga, nikaanza upya na gramu nyingine 12, moja baada ya nyingine. Chakula cha mchana sikukiona. Mgongo uliniwaka. Yule bwana alikaa kwenye kiti cha mlangoni muda wote, na kila nikipita alinitajia watoto wake wa shule. Hilo ndilo lililonichosha kuliko tanuri. Namwelewa, lakini kituo cha umeme nacho kinalipia joto, na asiyelipata joto hilo ni mtu aliye gizani.

Giza lilikuwa limeingia kipimo chake kilipotoka: 4,258. Nikaandika, nikatia sahihi. Fungu la akiba la sampuli yake nikalifunga kwa lakiri na kulirudisha kabatini, endapo atadai mwamuzi mwingine, na hiyo ni haki yake. Aliondoka bila kuaga.

Mama alipiga nikiwa kwenye sinki, saa 3 na nusu usiku huku, saa 1 kwao.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama. Nanawa kwanza."

Maji ya tatu ndiyo yaliyotoka meupe.