Kichupa cha dada bado kiko kabatini

Dada alipokuja Krisimasi kutoka Marekani alinibebea kijisanduku cha kupima DNA, ile ya kutema mate kwa kichupa unatuma kwa posta alafu unangoja wiki kadhaa uambiwe asili yako ni wapi. Yeye alishapima. Majibu? Afrika, karibu yote. Mama akacheka mpaka akaacha omena alizokuwa anachambua. "Si ungenipigia simu nikuambie bure ati sisi ni wa Seme?"

Mimi nilivutiwa, sidanganyi. Nikakaa nusu saa bila kula wala kunywa vile karatasi inasema, nikafungua kichupa, nikaona mstari wa mate kufikia, eti povu haihesabiwi. Hapo ndo nikasita.

2023 wezi waliingia 23andMe, kampuni moja ya hivi vipimo vya mate, kwa paswadi ambazo watu walikuwa wanatumia kila mahali. Akaunti walizofungua ni kama 14,000 hivi, lakini juu zimeunganishwa na za ndugu wakachota habari za watu karibu milioni 6.9. Machi 2025 kampuni ikaomba kufilisika na watu wakabaki wanauliza data yao itauziwa nani. Paswadi utabadilisha, DNA utaibadilisha na nini? Na si yangu pekee, nusu ni ya Mama na hakuna mtu amemuuliza. Alafu unaweza kutana huko na ndugu hujawahi sikia, na marehemu Baba, wacha tu niseme alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu.

Faida ziko, kuna watu wamejua mapema wana hatari ya saratani ya matiti. Lakini vipimo vingi vya posta huangalia mabadiliko machache tu ya jeni, so ukiambiwa huna hiyo hatari usisherehekee sana.

Huku kwetu ziwani, penye malaria na kwa hivyo siko seli (ugonjwa wa damu wa kurithi) ni nyingi, swali langu lilikuwa hiyo siko seli. Kabla ya harusi tulitolewa damu hapa Kisumu, mimi AS, yaani nimebeba jeni moja ya siko seli bila kuugua, mzee AA, hana kabisa. Nesi akatuchorea vyumba vinne nyuma ya bahasha: kama sisi wawili tungekuwa AS, kila mimba ni nafasi 1 kati ya 4 mtoto awe SS, yaani augue siko seli. Hiyo bahasha ninayo mpaka leo.

Dada bado anauliza WhatsApp, "umetuma?" Kijisanduku chenyewe Mama alishachukua, ameweka sindano na vifungo. Kichupa sijui nitamwambiaje Dada.