Tunapomlaumu Mwamuzi, Tunamzungumzia Mchezaji

Kila raundi ya AFL, ligi kuu ya kandanda ya Kiaustralia, inapomalizika, mashabiki hufungua madaftari mawili ya malalamiko. La kwanza ni la waamuzi: nani alinyimwa mpira wa adhabu, nani alipewa asioustahili, na timu gani inapendelewa mwaka huu. La pili ni la wachezaji: nani kiwango chake kimeshuka, nani amezeeka ghafla, nani analipwa fedha nyingi kwa kazi ndogo. Kwa miaka kadhaa nami niliyatunza madaftari hayo kando kando, kana kwamba moja halina habari na jingine. Siku hizi nadhani ni daftari moja, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita kiwango cha mchezaji hutengenezwa na namna filimbi inavyopulizwa katika msimu husika.

Niseme mapema kwamba mimi si shahidi asiye na upande. Nilivutwa na mchezo huu na Aliir Aliir, beki wa wazazi wa Sudan Kusini aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, akacheza Sydney Swans kisha akahamia Port Adelaide. Tangu hapo, kila mwamuzi anayempulizia filimbi Aliir huwa, machoni pangu, ameanza kazi jana.

Kwa wasioujua mchezo huu, timu mbili za wachezaji 18 kila upande hukutana katika uwanja wa umbo la yai ambao urefu wake unaweza kufika mita 185. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, lakini ni marufuku kuurusha kwa mkono. Goli lina pointi 6, na mpira unaopita pembeni mwa milingoti miwili ya kati, au unaougusa mlingoti, hupata pointi 1 tu. Mchezaji anayedaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala kuguswa na mwingine, hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Hayo ni mepesi. Ugumu wote umelala mahali pamoja, nako ni pale mtu mwenye mpira anapokabwa.

Sheria inauliza swali moja kabla ya mengine: je, mchezaji huyu alikuwa na nafasi ya kuutoa mpira kabla hajakamatwa? Kama alikuwa nayo, anatakiwa autoe mara moja kwa njia halali, la sivyo mpira wa adhabu unakwenda kwa aliyemkaba. Kama hakuwa nayo, inatosha aonekane anajitahidi kweli kuutoa, na akishindwa, mwamuzi husimamisha mchezo na kuurusha mpira juu upya. Mashabiki hawasubiri uchambuzi huo. Mara tu mpinzani anapokumbatiwa, uwanja mzima hupaza neno moja, "mpira", kwa Kiingereza chao, wakiivuta irabu mpaka iwe kama honi ya meli. Mchezaji wa timu yao akikumbatiwa vilevile sekunde kumi baadaye, hakuna anayekumbuka neno hilo.

Nafasi hiyo ya awali haipimwi kwa saa wala kwa futi. Ni hukumu ya mtu mmoja anayekimbia, akiwa usawa wa macho ya wachezaji, mara nyingi huku migongo minne imesimama kati yake na tukio. Sisi wa nyumbani hulitazama tukio hilo kwa marudio ya polepole, na hapo ndipo tunapojidanganya, maana swali lenyewe linahusu muda, na marudio ya polepole kazi yake ni kuunyoosha muda. Mchezaji aliyekuwa na nusu sekunde uwanjani anaonekana kwenye skrini kama mtu aliyekuwa na nafasi ya kukunja mikono ya shati kabla ya kupiga. Nimeacha kuyaamini macho yangu katika marudio ya aina hiyo. Kwa kujua kama mguu ulivuka mstari yanafaa sana, lakini kwa kujua kama mtu alikuwa na wakati wa kutosha hayafai kabisa.

Katikati ya msimu wa 2024 AFL iliwaagiza waamuzi wapunguze muda wanaompa mchezaji aliyekabwa. Herufi za sheria zilibaki zilezile, kilichobadilika ni subira ya mwamuzi. Nilitarajia kwamba viungo wenye nguvu, wale wanaosimama imara wakiwa wamebebeshwa watu wawili kisha wakautoa mpira kwa ngumi, ndio wangeumia zaidi. Hapa lazima nikiri kwamba hoja yangu iligonga mwamba, kwa sababu Patrick Cripps wa Carlton, ambaye ningemtaja wa kwanza katika aina hiyo ya wachezaji, alimaliza msimu huohuo na medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, kwa kura 45, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia chini ya utaratibu wa sasa wa kura. Pengine mikono yake ni ya haraka kuliko tunavyodhani tunapoutazama ukubwa wa mwili wake. Au pengine mwenye nguvu kweli hufaidika sheria inapokazwa, kwa kuwa naye hukaba.

Mfano unaonipa nguvu zaidi ni wa Jack Ginnivan. Mwaka 2022, akiwa kijana mdogo katika Collingwood, alifunga magoli 5 katika mechi ya Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka wanajeshi, kwenye uwanja wa MCG mjini Melbourne na akatunukiwa medali ya mchezaji bora wa mechi hiyo. Gumzo likawa juu yake kila wiki. Sehemu ya ustadi wake ilikuwa kujua namna ya kukabwa: alipohisi mkono wa beki unakuja begani, aliweza kushusha mwili au kuinua mkono wake ili ule wa mpinzani uteleze hadi shingoni, na kumgusa mtu juu ya mabega ni kosa. Mashabiki wa Collingwood waliona akili, wa timu nyingine wakaona udanganyifu, na kila upande uliamini unazungumzia maadili. Mwezi wa Julai mwaka huohuo AFL ilitoa ufafanuzi kwamba mchezaji anayesababisha mwenyewe mguso huo wa juu, kwa kukunja magoti, kuinamisha kichwa au kuinua mkono, hatapewa mpira wa adhabu. Ndani ya wiki chache kijana huyo alikuwa anakabwa shingoni waziwazi na filimbi iko kimya, kwa sababu jina lake lilikuwa limekwisha kutangulia mwili wake.

Sasa tuulize: je, kiwango chake kilishuka? Kwa takwimu za mipira ya adhabu aliyopata, ndiyo, lakini kijana alikuwa yuleyule, miguu ileile na jicho lilelile la goli. Kilichobadilika ni bei ya bidhaa aliyokuwa akiuza. Joel Selwood wa Geelong alijulikana kwa muda mrefu kwa kunufaika na mguso huohuo, na sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira ilipita kabla ya ufafanuzi ule, hivyo sifa zake za ushupavu zikabaki salama. Ginnivan, ambaye baadaye alihamia Hawthorn, aliingia dukani siku ambayo bidhaa ilikuwa inaondolewa rafuni. Nilibishana na watu wengi kuhusu jambo hili, na karibu wote walitaka nichague moja, kwamba ama mwamuzi alikosea au mchezaji hafai. Sikuona kwa nini nichague.

Kuna makosa ya aina nyingine ambayo hayana tafsiri, na nadhani tunawaonea waamuzi tunapoyachanganya na haya. Katika fainali kuu ya 2009 mpira wa Tom Hawkins uligusa mlingoti lakini ukahesabiwa kuwa goli, na Geelong ikaishinda St Kilda kwa 80 dhidi ya 68. Mwaka 2011, tena kwenye fainali kuu, jambo hilohilo lilimtokea Sharrod Wellingham wa Collingwood, na mwaka uliofuata ukaletwa utaratibu wa kukagua magoli kwa video. Hata hivyo, mwezi Agosti 2023 pale Adelaide Oval, mwamuzi wa goli aliamini kwamba mpira wa Ben Keays wa Adelaide umegusa mlingoti, hakuomba ukaguzi, na mchezo ukaendelea. Haukuwa umegusa. Sydney ilishinda kwa pointi 1, mtendaji mkuu wa AFL wakati huo, Gillon McLachlan, akakiri kosa hadharani kesho yake, na Adelaide ikakosa hatua ya fainali. Swali la Keays lina jibu moja ambalo kila mwenye macho analiona. Swali la mtu aliyekabwa halina jibu la namna hiyo, na hakuna kamera itakayolipatia.

Hesabu za mipira ya adhabu nazo zimekuwa silaha ya kila mtu. Fainali kuu ya 2016, ambayo Western Bulldogs waliishinda Sydney kwa 89 dhidi ya 67 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1954, ilimalizika kwa mipira ya adhabu 20 kwa Bulldogs na 8 kwa Sydney. Mashabiki wa Sydney bado wanazikariri namba hizo kama shairi. Mimi nazipa uzito kiasi, kwa sababu timu inayoufikia mpira kwanza ndiyo inayokabwa, na inayochelewa ndiyo inayoshika mashati na kusukuma migongo, kwa hiyo tofauti ya namba inaweza kuwa sura ya mchezo wenyewe. Lakini nisiwe mjanja kupita kiasi: 20 kwa 8 ni pengo pana, na mwenzangu aliyeshabikia Sydney siku ile akiniambia habari za kuufikia mpira kwanza ni maneno ya mshindi, sina jibu la kumridhisha.

Kelele za uwanja sitazikalia sana. Mwamuzi ni binadamu, na watu elfu hamsini wanapolia kwa pamoja, lile alilodhani ameliona huanza kuonekana wazi zaidi. Timu zinazocheza nyumbani Perth na Adelaide husemwa kila mwaka, na timu ngeni zitaendelea kusema.

Jambo ambalo sijaacha kulistaajabia ni medali ya Brownlow yenyewe. Tuzo kubwa kuliko zote kwa mchezaji mmoja mmoja, inayotolewa tangu 1924, hupigiwa kura na waamuzi. Baada ya kila mechi ya msimu wa kawaida waamuzi wa katikati ya uwanja, ambao tangu 2023 ni wanne, hukaa pamoja na kugawa kura 3, 2 na 1 kwa wachezaji watatu waliowaona bora. Yaani watu tunaowazomea Jumamosi kwamba hawaoni ndio walewale ambao mwezi Septemba tunakaa kimya usiku mzima kusikiliza walichokiona. Na walichokiona kina mwelekeo wake, kwa maana mwamuzi hukimbia karibu na mpira, na wanaokaa karibu na mpira ni viungo. Tuzo za karibuni zinasema hivyo: Lachie Neale mwaka 2023, Cripps mwaka 2024, Matt Rowell mwaka 2025, wote viungo. Beki anayemnyima mshambuliaji goli kwa kusimama tu mahali panapofaa huwa hayumo katika picha.

Ndiyo sababu narudi kwa Aliir, na najua wasomaji wangu walikuwa wanalisubiri hili. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza Port Adelaide, aliteuliwa katika kikosi bora cha Australia nzima kwa kazi ya kudaka mipira ya wapinzani kabla haijawafikia washambuliaji. Beki wa aina hii akishazoeleka, makocha wa upande wa pili huagiza mpira usipigwe kuelekea kwake, au humwekea mtu ambaye kazi yake ni kumzuia asiruke. Madako yake yanapungua, na watu wanasema fomu imepotea. Hawahesabu mpira ambao haukupigwa. Halafu kuna mikono: beki anayechelewa kidogo akaupiga mkono wa mdakaji badala ya mpira ametenda kosa, na katika miruko ya watu watatu ni mwamuzi anayeamua kama kofi lilianza kwa ngozi ya mpira au ya mtu. Waamuzi wakilikaza jicho hapo, mabeki wote wanaonekana wazito, na waliwahi kuonekana hodari kwa tendo hilohilo.

Msimu wa 2026 utaleta jaribio zuri la haya yote. Mwamuzi hataudundisha tena mpira chini katikati ya uwanja kuanzisha mchezo, bali ataurusha juu kwa mkono. Wale warefu wanaoshindania mpira huo wa kwanza walizoea kusoma mdundo uliopinda, na wengine walijijengea jina kwa kusimama imara na kusukumana mpira unapoangukia pasipotarajiwa. Mpira uliorushwa wima huwapa nafasi zaidi wale wanaoruka. Nimeandika pembeni majina ya watatu kutoka kila kundi, na kufikia mwezi wa Juni nitakuwa nimesikia kwamba baadhi yao wamezeeka na wengine hatimaye wameiva.