Notisi ya siku 14 kuhusu stripu zangu

Barua ililetwa dukani kwangu Kariakoo na kijana wa bodaboda, nikiwa nahesabu makasha. Wakili wa kampuni moja ya nje alinipa siku 14 niache kuuza stripu za kupimia mabaki ya dawa za saratani mezani, na nilipe fidia, eti zinaingilia hataza ya mteja wake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake (patent). Mikono ilinitetemeka. Stripu hizi ni kinga ya wauguzi na wafamasia wanaochanganya dawa hizo. Tone likikauka mezani halionekani kwa macho, na dawa inaweza kupenya ngozini.

Nilimpelekea dada mmoja wakili, ofisi yake iko Upanga. Akaniuliza: "Kaka, hiyo hataza yenyewe umeisoma?" Sikuwa nimeisoma. Namba ilikuwamo kwenye barua, tukaitafuta Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni, ambako kutafuta ni bure. Ilikuwa imesajiliwa Marekani na Ulaya. Sasa, hataza haivuki mpaka. Ili iwe na nguvu hapa lazima isajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, au ipitie ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, na Tanzania iwe imetajwa. Kote hatukuikuta. Nina mteja Unguja, kwa hiyo tukauliza na Zanzibar, maana wana sheria yao na msajili wao; nako haikuwamo.

Nikadhani yameisha. Dada akakataa: hataza ingeweza kumbana mtengenezaji huko kwao, nami nikakosa mzigo. Tukakaa jioni nzima tukisoma madai, zile sentensi zenye namba. Watu wengi husoma jina na kutazama michoro, wakati mipaka ya hataza imo kwenye madai. Dai la kwanza lilitaka pamba ya kupangusia, kichupa cha maji na stripu viwe vimeunganishwa kuwa kifaa kimoja. Nikafungua pakiti yangu mezani kwake: pamba peke yake, kichupa peke yake, stripu peke yake. Nikapangusa, nikadondosha matone matatu, tukasubiri. Mistari miwili ikatokea, maana yake meza safi. Dawa ikiwapo, mstari wa pili hupotea. Barua ilidai pia kwamba mistari hiyo ni uvumbuzi wao, ila mbinu ya mistari imo kwenye vipimo vya mimba vya nyumbani tangu 1988, na hataza kwa kawaida huisha baada ya miaka 20.

Siku ya 11 tulijibu kwa kurasa mbili: hapa haijasajiliwa, na kipengele kimoja cha dai kikikosekana, dai halijaguswa. Mtengenezaji naye nilimtaka aandike na kusaini kwamba kesi ikizuka gharama ni zake. Alivuta wiki tatu, nikamshikilia, akasaini.

Wakili wa upande wa pili hakuandika tena. Makasha 40 yaliyokuwa yamezuiwa stoo yalikwenda hospitali Ijumaa ile ile mtengenezaji aliposaini, na muuguzi aliyeyapokea alifungua moja palepale akaanza kupangusa meza yake.