Gego lililobaki nusu: nilivyoliokoa baada ya tiba ya mzizi

Maumivu yalipoisha nilidhani kazi imekwisha. Gego la chini kushoto lilikuwa limenikesha siku tatu. Daktari alilitoboa, akatoa neva iliyooza, akasafisha mifereji yote mitatu ya ndani ya mizizi na kuijaza, kisha akaliziba kwa muda. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili niwekewe ujazo wa kudumu na kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholivika jino. Sikurudi. Jino lililotulia husahaulika upesi, na miezi ikapita.

Siku moja ninatafuna, nikasikia mlio kama wa kijiti kikivunjika. Nikapapasa kwa ulimi: ukuta wa upande wa ndani haupo, umekatika hadi kwenye ufizi. Halikuuma hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari wa kwanza niliyemwendea alitaka kuling'oa palepale. Nikamwomba anipe siku chache, nikatafuta mwingine. Huyu hakuwa na haraka. Alipiga eksirei, kisha akapitisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kuzunguka jino lote, kati yake na ufizi. Alikuwa anatafuta sehemu moja ambayo kijiti kingezama ghafla, kwa kuwa hiyo mara nyingi ni dalili ya mzizi uliopasuka kwa urefu.

"Ningeukuta huo ufa nami ningekuambia ling'olewe," akasema. "Lakini siuoni."

Mimi nilikuwa na ombi langu tayari. Nilitaka aniwekee nguzo ya chuma ndani ya mzizi, nikiamini ndiyo itakayolitia jino nguvu. Alinieleza kwa utulivu, na maelezo yale ndiyo yaliyobadilisha uamuzi wangu. Nguzo haiimarishi jino. Kazi yake ni kushikilia ujazo tu, na ili iingie lazima mzizi uchimbwe na kuwa mwembamba zaidi. Gego lina chumba kipana katikati, pale neva ilipokuwa, na mara nyingi ujazo hujishikiza humo bila nguzo. Kinachoamua uhai wa jino ni ukuta mzima uliobaki juu ya ufizi: kama milimita 2 kuzunguka pande zote, ili kofia iubane kama pete ya chuma inavyobana mpini wa kisu usipasuke. Kwangu pande tatu zilitosha. Upande wa ndani hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo ilibidi ufizi ukatwe kidogo upande ule, pamoja na mfupa kiasi, ili jino lijitokeze. Lakini kwanza alirudia kusafisha mifereji, kwa sababu mate yalikuwa yamepenya kwa miezi mingi na kuingiza bakteria. Hilo liliniuma kuliko sindano ya ganzi, maana lilitokana na uzembe wangu mwenyewe. Safari hii alilizungushia jino karatasi ya mpira lisiguswe na mate, na siku hiyohiyo akajaza chumba kwa resini, ujazo wa rangi ya jino. Kukata ufizi kulikuwa kwepesi kuliko nilivyohofia. Kilichochosha ni kungoja wiki kadhaa upone.

Kofia niliyochagua ni ya zirkonia, aina ya kauri ngumu. Alipoibandika alinipa karatasi ya rangi niing'ate, akasugua palipoacha doa, tukarudia mara nne. Nawasihi msione haya kusema "bado liko juu", hata kama daktari anaonekana amechoka. Jino linalotangulia kugusana na wenzake hubeba mzigo wote.

Baadaye gego la juu nalo lilihitaji tiba ya mzizi. Kofia yake iliwekwa kabla mwezi haujaisha.

Lile la chini nalisafisha kwa uzi kila usiku, hasa pale kofia inapokutana na ufizi, kwa sababu jino lililo chini ya kofia bado linaweza kuoza. Mwaka mmoja baadaye tulipiga eksirei nyingine. Daktari aliziweka picha mbili sambamba, akanionyesha kivuli cheusi cha maambukizi kilichokuwa kwenye ncha ya mzizi. Kilikuwa kimebaki alama ndogo tu.