Kutafuta kinanda cha kamani Unguja

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam hufika Malindi baada ya kama saa mbili, na anayetafuta gramafoni, kinanda cha santuri kinachoendeshwa kwa kamani (springi), Unguja hahitaji kuuliza njia. Ukiingia Mji Mkongwe, maduka ya Gizenga na Hurumzi yamezipanga mlangoni, mapembe ya shaba yanang'aa juani, na kwenye sanduku kuna kibandiko cha yule mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake.

Nyingi si za zamani. Huungwa India kwa ajili ya watalii: mashine imetolewa kwenye gramafoni ya mkoba iliyokufa, sanduku ni mbao mpya iliyopakwa rangi ya chai, pembe ni shaba nyembamba. Mimi huomba sanduku lifunguliwe. Mbao ya ndani ikiwa nyeupe na skrubu hazijawahi kuguswa, sina la kujadili bei. Mwenye duka mmoja aliponiona nainama na tochi alicheka, akaniambia, "Kaka, hizi za kuweka sebuleni. Unataka inayoimba? Vuka Darajani, waulize wazee." Akampigia simu hapo hapo jamaa yake wa Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa Darajani. Namshukuru mpaka leo.

Ng'ambo ndiko hasa nilikopaswa kuanzia. Huko ndiko Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, alikohamia alipotoka Fumba, kijiji cha kusini alikozaliwa miaka ya 1880 na alikokuwa akifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, wakarekodi kwa Kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya His Master's Voice (HMV), ya yule mbwa. Sauti ya mwanamke aliyekuwa muuza vyungu ikarudi pwani imechapwa kwenye sahani, kwa Kiswahili, ikachezwa barazani kwa watu ambao wasingekaribishwa katika majumba alimoimbia matajiri. Katika historia yote ya sauti iliyorekodiwa sijui jambo linalonigusa kuliko hili.

"Hodi!"

"Karibu. Pita, mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kinanda?"

Mjukuu wake akakivuta kutoka mvunguni. Kilikuwa HMV 102, aina ya mkoba iliyoanza kutengenezwa 1931: sanduku jeusi, mfuniko unaosaidia kutupa sauti mbele, na kwenye kona kijikopo cha sindano kinachozunguka. Pembe limefichwa ndani. Nilikizungusha taratibu kwa mpini wake. Kamani ilijaa, lakini ikawa inagonga ndani, du, du, kama mtu anayebisha mlango. Hiyo ni grisi iliyokauka katikati ya mikunjo ya chuma. Ikisafishwa na kutiwa grisi mpya, hutulia. Kiwambo cha alumini cha kichwa cha sauti, kile kinachoshika sindano, kilikuwa kizima, na hilo ndilo nililokuwa nikiliombea dua tangu Malindi.

Santuri zilikuwa zimefungwa kwenye kanga. Za Kimisri, za Kihindi, na moja ya Siti, nzito, nyeusi, bila ufa. Niliishika kwa kingo tu. Santuri hizi ni lakiri, utomvu wa wadudu wadogo wa India, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliwekwa makusudi uisage ncha ya sindano mpaka ikae sawasawa kwenye mfereji. Ndiyo maana kila upande unastahili sindano mpya ya chuma. Wengi huacha ile ile kwa mwezi mzima, na ncha iliyokwisha hugeuka patasi.

Bibi alitaka tuicheze ile ya Siti mara moja. Nilimwomba tusiicheze. Hapo palikuwa na mvutano, na sikuona haya kung'ang'ania. Mvumbuzi Edison alipoinasa na kuirudisha sauti 1877, kwa karatasi ya bati iliyovingirishwa kwenye silinda, ile karatasi ilichakaa baada ya kuchezwa mara chache tu. Sahani bapa ya Emile Berliner, ya 1887, ilifungua njia ya kuchapa nakala nyingi kutoka muhuri mmoja, na kuanzia 1925 maikrofoni ikachukua nafasi ya pembe studioni, hata pumzi ya mwimbaji ikaanza kusikika. Yote hayo yaliboreshwa, lakini kichwa cha gramafoni ya kamani bado kinaibana santuri kwa uzito wa zaidi ya gramu 100. Mashine ya kisasa yenye sindano pana ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika hukandamiza kwa gramu chache tu. Kwa santuri inayopatikana tele, mimi huweka sindano na kufurahi. Kwa santuri ambayo pengine nyumba hii tu ndiyo inayo, kwanza inakiliwe, halafu ndipo ichezwe.

"Sasa mimi niisikie lini, nikishakufa?"

Sikuwa na jibu la heshima zaidi ya kuchagua santuri ya Kimisri, kutia sindano mpya na kufungua breki. Hakuna kitufe cha kupunguza sauti. Ukitaka iwe ndogo unaegesha mfuniko au unatia sindano nyembamba. Tuliiacha iwe kubwa. Fidla zikaingia chumbani kwa mkwaruzo, kisha mwimbaji. Bibi akaanza kuimba naye, Kiarabu kizima, neno kwa neno, na watoto wa jirani wakajaa dirishani. Dakika tatu, upande umekwisha; watunzi wa taarabu waliozoea kuimba usiku kucha walilazimika kuubana wimbo katika nafasi hiyo.

Kuhusu kinanda hatukuelewana bei, kwa sababu bibi hakiuzi. Aliniruhusu nikifungue niitie kamani grisi, na nikamwonyesha mjukuu namna ya kupangusa santuri kwa kitambaa laini, asitumie spiriti kamwe, maana spiriti inaiyeyusha lakiri. Kuhusu Siti alitoa masharti: santuri haivuki kizingiti cha nyumba yake, mashine ya kunakili niilete mimi, na siku hiyo majirani waalikwe. Nimeshaazima mashine. Masika yakipita, navuka tena.